Napima msimu kwa mnyama ambaye sikumpoteza

Wiki hii mmetuuliza wasomaji, msimu wa kuwinda kulungu ukiisha unajuaje kwamba ulikuwa msimu mzuri? Naomba nijibu kwa urefu kidogo maana hili jambo liko moyoni kwangu siku nyingi. Mimi ni mtu wa Sikonge, huku Tabora, nawinda kwa leseni kama alivokuwa anawinda marehemu mzee wangu, na bunduki ninayotumia ni yake, ilihamishiwa jina langu kwa taratibu zote.

Kwanza hapo kwenye neno kulungu tuelewane. Picha mliyoweka ni ya yule wa ng'ambo mwenye pembe za matawi, huyo kwetu hayupo. Yule wa Marekani na Ulaya pembe zinadondoka kila mwaka afu zinaota nyingine, ndo maana wenzetu kule wanahesabu matawi na mtu akipata dume la matawi mengi anaona msimu wake umefana. Kulungu wa huku ndo pongo, dume lina pembe mbili zilizojisokota kidogo na linakaa nazo mpaka linakufa, jike halina pembe kabisa. Anakaa kwenye vichaka vizito kandokando ya mito, mara nyingi peke yake, anatoka alfajiri na jioni, na akikushtukia anabweka kama mbwa, akishabweka hivo rudi tu kambini ukanywe chai maana pori zima limeshajua upo.

Sasa jibu langu. Rafiki yangu wa Urambo anapima kwa kilo, na simlaumu, ana watoto saba. Wengine wanaangalia pembe za kuning'iniza ukutani. Mimi nauliza kitu kimoja tu: kuna mnyama niliyempiga risasi akaenda kufia huko nisimwone? Kama yupo basi huo msimu kwangu umeharibika hata kama kimoro, yaani nyama ya kukausha, kimejaa darini.

2014 ndo iliniingiza hili kichwani. Mzee alikuwa na sheria yake, mwisho wa kupiga ni saa kumi na moja jioni, baada ya hapo bunduki inabaki begani hata pongo akusimamie mbele. Sababu yake ilikuwa hii: jua linazama kwenye saa moja kasoro, usiku sheria ya nchi hairuhusu kuwinda, kwa hiyo ukimjeruhi mnyama saa kumi na mbili huna muda wa kumfuata, unamwachia fisi. Na hiyo sheria ya mzee ni ngumu kuliko inavosikika, kwa sababu pongo ndo muda huo anatoka, unakaa siku nzima unaumwa na mbung'o afu muda mzuri unapofika wewe unafunga kazi.

Siku ile mzee alibaki kambini, mguu ulikuwa unamsumbua. Nikamwona dume ng'ambo ya korongo, mwanga bado upo, nikajiambia nitalimaliza palepale. Risasi ikaingia nyuma ya mbavu, tumboni. Nilipofika nikakuta damu kidogo imechanganyika na majani yaliyosagwa, harufu yake ukiinusa mara moja huisahau, na mnyama wa hivo hatakiwi kufuatwa haraka, ukimkimbiza anaenda mbali sana, anatakiwa aachwe masaa kadhaa alale chini mwenyewe. Masaa hayo mimi sikuwa nayo. Nikarudi kambini, na usiku nikawasikia fisi upande uleule, nimelala macho wazi mpaka asubuhi. Tulichokuta na mzee ni kichwa na pembe zake na kipande cha ngozi.

Mzee hakunigombeza. Aliangalia pale chini muda mrefu akasema, "Huyo ni wako, mwandike." Leseni ilituruhusu pongo mmoja tu, nikamwandika huyo, tukafunga mizigo tukarudi nyumbani na unga uliobaki. Mama alipouliza mmepata nini mzee akamjibu tumepata mmoja, akanyamaza.

Mzee wangu hakuyatoa hayo hewani. Serikali ilipofunga uwindaji nchi nzima mwaka 1973 yeye alikuwa kijana na gobore la babu likawekwa, mpaka 1978 ndo kukafunguliwa. Miaka yote hiyo alikuwa anaingia porini kwa ajili ya mizinga ya nyuki, na alikuwa anatuambia kusoma nyayo alijifunza kipindi kile hasa, kwa sababu hakuwa na haraka ya kuua kitu, anafuata nyayo za tohe, swala wa kwenye nyasi, asubuhi nzima ili aone tu anaenda kulala wapi. Mtu aliyemsoma mnyama hivo miaka mitano, ukimpotezea mmoja lazima aumie. Siku hizi sehemu kubwa alizokuwa anapita ziko ndani ya hifadhi ya taifa ya Mto Ugalla, tangu 2019, huko hakuna kuwinda tena, sisi tunabaki kwenye eneo la wazi lililoandikwa kwenye leseni.

Basi mwaka jana Oktoba niliingia na mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana wa miaka ishirini na moja, na kabla ya kuondoka bwana nyama, yaani afisa wanyamapori, wa wilaya alitusomea masharti yote mpaka kijana akaniangalia. Siku nne hatukupiga. Mara mbili madume yalisimama vizuri kabisa lakini saa ilikuwa imepita, mpwa akaninong'oneza "mjomba, mjomba," nikatikisa kichwa tukaondoka.

Siku ya tano saa moja asubuhi upepo unatujia usoni, nilitikisa kitambaa cha majivu nikaona vumbi linarudi kwangu, tukanyata mpaka karibu na mkuyu mmoja kando ya maji. Dume lilikuwa linakula. Nilipiga, likaruka juu likaingia kichakani, kimya. Kijana akataka kukimbia nikamshika shati. Tukakaa chini nusu saa kwa saa, na nusu saa hiyo ni ndefu jamani, unasikia moyo wako mwenyewe.

Damu ya kwanza ilikuwa nyeusi-nyeusi, nzito. Nikamwonyesha kijana: damu nyepesi yenye mapovu ni mapafu, huyo yuko karibu, hii nzito ni ini, atakufa lakini atatembea, tusimbane. Tukakaa tena. Afu tukaanza kufuata, na kila tulipoona tone tunafunga kitambaa cheupe kwenye kijiti ili tukipoteza njia turudi kwenye kitambaa cha mwisho tuzunguke duara dogo, afu kubwa. Kilichotutesa ni Oktoba yenyewe. Miyombo na mitundu inachipua kabla ya mvua na majani mapya yanatoka mekundu, machipukizi ya chini yote mekundu, kila jani unaona damu, unagusa kwa kidole halafu unaangalia kidole. Tulienda hivo zaidi ya masaa manne. Kuna sehemu tulizunguka duara mara tatu bila kitu, mpwa akasema labda amepona mjomba, nikamwambia labda, tuendelee kutafuta. Ni yeye aliyeona, damu imepakwa kwenye nyasi kushoto na kulia, usawa wa goti, maana yake risasi ilipita ikatokea upande wa pili na mnyama bado yuko mbele yetu.

Tulimkuta amelala chini ya mti ameshakufa, mwili bado una joto, hajaguswa na kitu. Mimi nilikaa chini. Nilitaka sana mzee angekuwepo.

Huyo ndo mnyama wetu pekee msimu mzima, na nyama ikigawanywa kwa mama, kwa dada, kwa waliotusaidia kubeba na kwa jirani mzee, mimi nilibaki na kidogo cha kukausha. Rafiki yangu wa Urambo alinipa pole. Lakini nawaambia ukweli, tangu 2014 sijawahi kuwa na msimu mzuri kama ule.

Nilipoanza kuchuna, kijana hakuambiwa na mtu, alirudi nyuma peke yake kufungua vile vitambaa kwenye vijiti, kimoja kimoja njia yote tuliyokuja. Alichukua karibu saa nzima. Alirudi navyo ishirini na tatu mkononi, na tulivyofunga vilikuwa ishirini na tatu.