Weka chini hicho kijiko cha mafuta ya nazi

Dada, umeandika kwamba binti yako wa miaka 13 ana shingo nyeusi, hospitali wamekwambia mwili wake umeanza kuikataa insulini (ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu), na sasa kuna "mtaalamu" kakushauri umpe mafuta ya nazi kila asubuhi kwa sababu "mafuta hayapandishi sukari". Nilipofika hapo nimeacha kula. Maswali yako mengine nitayajibu nikiyakumbuka.

Usimpe. Mimi nilimpa wangu miezi minne.

Wangu alikuwa na miaka 14 shingo ilipoanza kuwa nyeusi, weusi mzito wenye mikunjo, na kwapani pia. Mama yake akadhani mtoto haogi vizuri, tukamsugua na dodoki mpaka akalia. Kumbe hata tungemsugua na msasa usingetoka, maana si uchafu, ni insulini iliyozidi kwenye damu inayofanya ngozi ile inenepe na kuwa nyeusi. Vipimo vikatoka: sukari ya asubuhi kabla ya kula 5.4, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu asilimia 5.8. Daktari akasema apunguze soda na chipsi, atembee, turudi baada ya miezi mitatu. Nikaona huyu hajaniambia kitu. Ushauri wa bure nikauona wa bure, nikaenda kutafuta wa kulipia.

Nikaupata kwenye kundi la WhatsApp, kiingilio 30,000. Mwenye kundi hatujui kasomea wapi mpaka leo, ila kila alfajiri anatuma sauti ya dakika tisa: adui ni wanga, mafuta ni dawa, madaktari wanakuficha. Dozi ni vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya nazi kwa siku. Na kwa bahati nzuri kabisa, mafuta anauza yeye, 35,000 chupa. Ukimuuliza swali gumu anakujibu kwa aya ya maandiko. Ukiuliza mara ya pili unaondolewa kundini.

Usinicheke. Mimi ni mhasibu, naishi kwa kujumlisha, na nilishindwa kujumlisha vijiko vitatu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe ya aina yoyote, kina kalori kama 120. Vitatu ni 360. Hizo zilikuwa zinaingia JUU ya chai, maandazi na ugali wake, hatukutoa kitu hata kimoja. Tena yule bwana alisema mafuta "yanalinda", kwa hiyo soda moja moja haina neno. Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50! Mtoto aliipenda sana hiyo sehemu ya mafundisho.

Bado nawaona Julai ile, saa kumi na mbili asubuhi. Mafuta yameganda kwenye chupa kwa baridi, mama yake kaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto, binti kasimama na sare za shule ameziba pua. Anameza, anatikisika, anakimbilia ndimu. Nami nimekaa mezani najiona baba anayejali.

Na kilichonimaliza ni mashine ya kutoboa kidole. Kila nikimpima asubuhi: 5.3, 5.2, 5.4. Nikapiga picha nikatuma kundini, watu wakanimwagia makofi. Hapa nisikilize vizuri, dada. Ile mashine inakuonyesha salio tu. Haikuonyeshi kongosho limekopa kiasi gani ili salio lionekane zuri. Mwili ukiikataa insulini, kongosho linamwaga nyingi zaidi, sukari inabaki palepale, unaweza kukaa hivyo miaka. Tena hawa wa umri wa kuvunja ungo hata wakiwa wazima mwili wao huikataa insulini kidogo zaidi kuliko walipokuwa wadogo. Ukimwongezea na uzito wa haraka unamsukuma kwenye mteremko.

Tuliporudi hospitali binti kaongezeka kilo 6, sukari ya miezi mitatu imefika 6.1, na utrasaundi inaonyesha ini lina mafuta. Ini la mtoto wa kidato cha pili! Bibi yake ndiye aliyekuwa akisema "ananawiri".

Daktari, ambaye kwa haki angeweza kunifukuza, akanieleza utafiti wa Uppsala kule Uswidi, uliotoka 2014. Vijana wazima 39 walilishwa keki ndogo za ziada kwa wiki saba, wengine zimepikwa kwa mawese, wengine kwa alizeti. Uzito uliongezeka karibu sawa, lakini wa mawese ndio ini lao lilijaa mafuta zaidi. Na mawese karibu nusu yake ndiyo mafuta yale mazito yanayoganda. Nazi ni kama asilimia 90. Alizeti ni kama 11. Ini likishajaa mafuta, insulini inaliambia "acha kutoa sukari" na lenyewe halisikii.

Sisemi nazi ni sumu. Mimi mtu wa Tanga, wali wangu bila tui siuli. Ninachosema ni hiki, na kiandike ukutani jikoni: mafuta HUBADILISHWA, HAYAONGEZWI. Ukitaka kumpa alizeti, toa mawese au yale ya mgando. Ukimpa karanga, toa sambusa. Ukimpa parachichi, majarini isipakwe kwenye mkate. Siku ya samaki wa tui, chapati za kukaanga zipumzike. Kama hakuna kilichotoka, usiingize.

Sisi tulianza na chupa. Nilichora mistari kwa kalamu ya wino kwenye chupa ya lita moja, dada wa kazi akaniona nimerukwa na akili. Tuko watano, lita ilikuwa inakwisha kwa siku nne. Sasa inakaa siku kumi. Tunapima kwa kijiko, hatumimini. Yale meusi yaliyokaangiwa mara tatu tunamwaga, inauma ila tunamwaga. Dagaa wanachomwa, mchicha unatiwa karanga. Soda ni sikukuu.

Uliuliza kuhusu mazoezi: wangu anaruka kamba na kutembea kutoka shule, jumla inafika kama saa moja kwa siku. Uliuliza kama shingo itarudi: ya wangu imepungua baada ya mwaka hivi, haijaisha. Kama hedhi yake inaruka miezi, mwambie daktari, usinyamaze. Na kama kaandikiwa dawa usimwachishe kwa sababu ya sauti ya dakika tisa.

Kulikuwa na swali la chai ya asubuhi na jingine sikulielewa, simu yangu inazima. Wewe niambie kwanza: hapo kwako mko wangapi, na lita moja ya mafuta inakaa siku ngapi?