Kuvuka kwenda Goziba na boti ya mbao: saa za kuondoka na ziwa likiwachafukia katikati

Mkuu uliyeuliza kama ni salama kuvuka na mke na mtoto kwenda kisiwa cha Goziba, nakujibu kama mtu niliyefanya kazi ya dagaa hivyo visiwa vya Muleba. Kwanza angalia saa kabla hujaangalia mawingu. Usiku maji ya Ziwa Victoria yanabaki na joto huku nchi kavu imeshapoa, upepo unatoka pande zote za nchi kavu unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda na radi zinapikwa hukohuko, halafu upepo wa mashariki unazisukumia huku kwetu Kagera, ndo maana Bukoba na Muleba mvua inapenda kupiga alfajiri na asubuhi. Sasa utakuta nahodha anataka kuondoka saa kumi usiku eti ziwa limelala. Mkatalie tu. Subiri saa nne asubuhi hivi, mashariki kukiwa kweupe ndo mpande. (Ule moshi mweusi unaosimama juu ya maji kama mtu kachoma shamba ni wadudu wa ziwani, usikutishe.)

Mkishakuwa majini, upepo ukikata ghafla halafu kikaja kibaridi na huko mbele maji yamepiga mstari mweusi, muda mlionao ni mdogo sana. Radi ikimulika hesabu mpaka uisikie, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Watu wote wakae chini kabisa, mizigo mizito katikati, nahodha apunguze moto wa mashine aliingie wimbi kwa mbele, kaupande kidogo, lisimkute ubavuni. Mashine ikizima hapo ndo kelele zinaanza, ila dawa ipo, funga ndoo kwenye kamba ndefu itupe kutokea mbele, itaburuzwa majini na kuifanya boti iendelee kulitazama wimbi, wengine wachote maji bila kupumzika.

Kwa niliyoyaona mimi, watu kusimama na kukimbilia upande mmoja ni hatari kuliko hata upepo wenyewe. Feri ya MV Nyerere Septemba 2018 ilipinduka mchana, imebakiza kidogo tu ifike kisiwa cha Ukara, chombo cha abiria 101 wakati waliokufa peke yao walizidi 220, na ilielezwa abiria walielemea upande mmoja.

Ikipinduka ing'ang'anie hiyohiyo boti, ya mbao mara nyingi inaelea hata ikijaa maji, usijidanganye kuogelea eti kisiwa kinaonekana. Madumu matupu ya lita 20 yenye vifuniko nayo yanabeba mtu. Simu ifunge kwenye nailoni, namba ya dharura ni 112, na mtu wa mwaloni (pale boti zinapotia nanga) muachie namba ya nahodha na saa mnayotegemea kufika, asipowasikia awaambie BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo.

Majaketi ya kuokolea maisha vaeni mkiwa bado nchi kavu, huku watu wanayakalia. La mtoto kanunue la saizi yake kabisa, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, maana la mkubwa akiingia majini linamvuka kichwani.