Swali: Sanamu ya Uhuru ya Marekani ilipakwa rangi ya kijani?
Hapana mkuu, haikupakwa rangi. Ilipozinduliwa New York mwaka 1886 ilikuwa na rangi ya shaba kabisa, kama waya wa umeme uliotoka kumenywa. Hewa ikaifanya kahawia kwanza, kisha salfa ya moshi wa makaa ya mawe, ikichanganyika na unyevu, ikajenga ukoko wa kijani. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa kijani tupu.

Ukoko huo haumeguki kama kutu ya chuma. Unang'ang'ania na kuikinga shaba, ambayo ina unene wa milimita 2.4 tu! Kilicholika hasa ni mifupa ya chuma ya ndani, ikabadilishwa miaka ya 1980. Ukijani wakauacha makusudi.

Ila kama una birika la shaba lililoota ukijani, lisugue kwa ndimu na chumvi, maana ukijani huo si wa kunywa.