Maswali na majibu: Farasi hali kwa kopo

Barua za safari hii zina wimbo uleule: "Nampa makopo mawili asubuhi na mawili jioni, mbona..." Kopo gani? La nini? Limejaa hadi kufurika au limefutwa ukingoni? Nimejibu nilizoweza kuzielewa.

SWALI: Farasi wangu wa kilo kama 450 anakula makopo manne ya mahindi kwa siku na bado mbavu zinahesabika. Nimwongezee hadi mangapi?

JIBU: Usimwongezee hata moja. Umeandika ukurasa mzima na neno nyasi halimo. Anakula nini muda wote uliobaki? Farasi akiachiwa malishoni hutafuna saa 16 hivi kwa siku, na mwili wake umejengwa kwa kazi hiyo. Tumbo lake ni dogo kwa mnyama wa kimo kile, kati ya lita 8 na 15, tena linatoa asidi mfululizo, awe na chakula au hana. Mate ndiyo yanayoipunguza makali, na mate ya farasi hutoka anapotafuna. Ukimwacha na hori tupu toka magharibi hadi alfajiri, unampikia vidonda vya tumbo.

Jiko lenyewe liko nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha nyasi na kumpa nguvu. Sasa wewe unamimina mahindi kwa mkupuo. Utumbo mwembamba unashindwa kuumaliza wanga wote, na wanga wa mahindi yasiyopikwa humshinda zaidi kuliko wa oti. Unaobaki unaangukia huko nyuma na kugeuka asidi, vijidudu vyema vinakufa na sumu zake zinaingia kwenye damu. Hapo ndipo unapomkuta asubuhi anagaagaa kwa maumivu ya tumbo, au amesimama ameegemea nyuma, kwato za mbele zina moto, hataki kupiga hatua.

Kwa hiyo anza na nyasi kavu: kilo 1.5 kwa kila kilo 100 za uzito wake ndiyo sakafu, kilo 2 ni afadhali. Wako anadai kilo 7 hadi 9 kila siku, zilizopimwa, kabla hatujazungumzia nafaka. Kisha inama uangalie chini ya hori. Ukikuta vitonge vya nyasi vilivyotafunwa nusu, virefu kama kidole na vimelowa mate, shida ni meno, na gunia zima la mahindi halitamnenepesha. Mwite daktari wa mifugo ayasawazishe, na akiwa hapo apime kinyesi kuona minyoo. Vyote vikiwa sawa na bado amekonda, mwongezee alfalfa, yaani majani makavu ya lusini, au mafuta ya mimea kidogo kidogo. Nafaka iwe ya mwisho, na isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja hata kwa farasi mkubwa.

Na hilo kopo: nilichukua moja la lita 2 nikalipeleka kwenye mizani. Likiwa na oti halikufika kilo moja. Likiwa na mahindi lilikaribia kilo moja na nusu, na nguvu iliyomo ni kama maradufu. Aliyehama kutoka oti kwenda mahindi "kopo kwa kopo" amemzidishia farasi mlo bila yeye mwenyewe kujua.

SWALI: Kuna chakula cha kuku kimebaki. Nimpe?

JIBU: Hapana. Wala cha ng'ombe. Vingi vinatiwa monensini, dawa ya kuzuia vimelea vya tumboni, au dawa za jamii yake, ambazo kuku na ng'ombe wanazivumilia lakini kwa farasi kiasi kidogo tu huua misuli ya moyo, na sumu hiyo haina kiuasumu. Usitumie hata ndoo iliyochotea chakula hicho. Na kwa kuwa najua barua ijayo itauliza nini: mahindi yenye ukungu ndiyo mabaya kupita yote, maana kuna ukungu wa mahindi ambao sumu yake huyeyusha ubongo wa farasi. Usiyachambue wala usiyaanike. Yatupe.

SWALI: Nitajuaje uzito wake bila mizani ya wanyama?

JIBU: Nimeshajibu mara nyingi, basi hii ikateni mbandike ukutani. Chukua utepe wa fundi nguo. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, yote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Kifua 180 na urefu 160 ni kilo 436 hivi. Kanuni hii ni ya farasi wazima, haiwafai watoto wala majike wenye mimba kubwa. Rudia kila baada ya wiki mbili na uandike. Mali bila daftari huisha bila habari.

SWALI: Marehemu babu alikuwa akiwapa farasi wake pumba za ngano na maji ya moto kila jioni. Naendeleza, lakini jirani ananikataza.

JIBU: Babu namwombea rehema, ila jirani ana hoja. Farasi anahitaji kalisi (kalsiamu) nyingi kuliko fosforasi, kama mbili kwa moja, na isishuke chini ya moja kwa moja. Pumba zimegeuza hesabu hiyo: fosforasi ni nyingi, kalisi ni chembe. Ukimpa kwa wingi kila siku, mwili unachota kalisi kwenye mifupa. Mifupa ya uso inavimba pande zote mbili, ndiyo maana wafugaji huuita ugonjwa wa kichwa kikubwa, naye anaanza kuchechemea bila jeraha. Zipo pia nyasi za nchi za joto, setaria mojawapo, zenye oksalati, kemikali inayoifunga kalisi isitumike. Malisho hayo yakikutana na pumba, mambo huharibika upesi zaidi. Alfalfa ina kalisi ya kutosha na husaidia kurudisha uwiano.

Pengine babu alikuwa akizitoa kwa ajili ya kulainisha choo. Kilichokuwa kikisaidia ni yale maji.

SWALI: Ni kweli maji baada ya kula yanamletea maumivu ya tumbo?

JIBU: Si kweli. Yawepo saa zote, masafi. Farasi wa kilo 500 hunywa lita 25 na kuendelea, na siku ya joto na kazi anaweza kumaliza maradufu.

SWALI: Nimemchukua farasi aliyebaki mifupa mitupu. Nimpe nafaka nyingi arudishe nguvu haraka?

JIBU: Hivyo ndivyo watu wema wanavyowaua. Mwili ulioshinda njaa kwa wiki nyingi ukipewa wanga wa ghafla, insulini inapanda, fosforasi, magnesi na potasi zinahama kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unasimama siku chache baada ya wewe kufurahi kwamba anakula. Mpe alfalfa kidogo, mara sita kwa siku, ukipandisha kiasi taratibu kwa siku kumi hivi, daktari akifuatilia. Nafaka isahau kwa sasa. Kunenepa kutachukua miezi.

SWALI: Nimemwekea jiwe la chumvi. Linatosha?

JIBU: Wengine hulilamba vya kutosha, wengine hulipita tu. Ulimi wa farasi ni laini, si msasa kama wa ng'ombe. Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku, na anayetoka jasho zaidi ya hapo. Mchanganyie chumvi ya kawaida kwenye chakula, maji yakiwepo.

SWALI: Nabadilisha chakula kesho. Kuna tatizo?

JIBU: Lipo. Siku 10 hadi 14, cha zamani kikipungua na kipya kikiongezeka. Hata nyasi za shamba jingine.

SWALI: Kopo la kawaida linachukua kilo ngapi?

JIBU: Hakuna kopo la kawaida. Lipeleke kwenye mizani kisha uniandikie upya.