Barua kwa mwanangu aliyechagua chumba kwa picha

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia. Sijambo, ila magoti ni yaleyale. Swali lako nimelala nalo siku tatu. Uliletewa picha za vyumba viwili vya kupanga, ukachagua cha kwanza bila wasiwasi wowote. Kesho yake rafiki yako akakuuliza cha pili kilikuwaje, ukajikuta huna la kusema. "Mama, uhakika ule niliutoa wapi?"

Uliutoa kule macho yako yalikokaa.

Nyoosha mkono mbele yako, inua kidole gumba, tazama ukucha. Sehemu unayoiona kwa ukali wake wote haizidi sana hapo; pembeni yake ni ukungu, ingawa hatujihisi kuishi ukunguni. Ndiyo maana macho hayatulii. Yanaruka kama mara tatu kwa sekunde, yakidonoa huku na huku. Na mtu anayechagua hangoji yamalize kudonoa ndipo apime. Anapima hukohuko njiani. Mwaka 2010 watafiti Ian Krajbich, Carrie Armel na Antonio Rangel waliwaonyesha watu picha za vitafunio, viwili viwili, huku mtambo ukifuatilia macho yao. Hesabu zao zilionyesha kwamba kinachotazamwa kwa dakika ile hupewa uzito wake kamili, na kile ambacho jicho limekipa kisogo hupunjwa.

Najua utakavyonibishia, maana ubishi umeurithi kwangu: si tunakitazama zaidi kile tunachokipenda tayari? Ni kweli, lakini mwaka 2003 Shinsuke Shimojo na wenzake walilijaribu hilo hilo kwa picha za nyuso. Macho ya watu yalianza kuegemea uso watakaouchagua kabla hawajatamka neno. Kisha wakageuza mambo: uso mmoja ukaonyeshwa kwa milisekunde 900, mwingine kwa 300, kwa zamu, macho yakilazimika kuhama kuufuata kila mmoja. Uliotazamwa kwa muda mrefu ukapata wapenzi zaidi. Si wote, wala si kwa tofauti kubwa, lakini mizani iliinama. Kwa hiyo chumba chako kilikupendeza ukakitazama, na kwa kukitazama kikazidi kukupendeza. Ni kamba inayojisokota yenyewe.

Sasa huo uhakika. Tomas Folke na wenzake, mwaka 2016, waliwauliza watu baada ya kila uchaguzi wana uhakika kiasi gani. Kila waliporudisha macho mara nyingi, kushoto, kulia, kushoto tena, walijiona na uhakika mdogo. Nawapenda watu hao. Pale uhakika ulipokuwa mdogo, walipoletewa tena vitu vilevile walikuwa wepesi kubadili mawazo, hasa wale ambao uhakika wao hulingana na ubora wa uchaguzi wao. Kusitasita kwa jicho ni taarifa, mwanangu, na wewe ulijinyima taarifa hiyo: jicho lako halikwenda na kurudi, likakosa cha kulitia shaka.

Jambo la ajabu zaidi ni la Dobromir Rahnev na wenzake, 2011. Walipanga jaribio ili watu wapate majibu sahihi kwa kiwango kilekile, wawe wameelekeza umakini mahali pa kutazamwa au la. Pale umakini ulipokosekana, watu walisema wameona vizuri zaidi. Niliposoma hilo niliweka miwani mezani nikacheka peke yangu.

Nilicheka kwa sababu ya kazi yangu, unaikumbuka, ya kusahihisha prufu, zile kurasa za kitabu kabla hakijachapwa. Kuna kitabu kimoja nilikipitia mara nne, nikanasa nukta zilizokosewa kwenye tanbihi za herufi ndogo kama mchanga, nikatia saini. Kilipotoka, neno kwenye jalada lilikuwa limepungukiwa herufi. Jaladani! Nililitazama kila siku kwa wiki mbili. Baadaye nilipata kusoma kuhusu wataalamu 24 wa radiolojia walioombwa na Trafton Drew na wenzake watafute vinundu, yaani vivimbe vidogo, kwenye picha za mapafu. Ndani ya picha moja ilibandikwa taswira ya gorila, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Wataalamu 20 hawakuiona, na mtambo ulionyesha kwamba wengi wao macho yao yalipita palepale ilipo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013. Laiti ungetoka mapema ningeutumia kujitetea kwa mhariri wangu. Nilikuwa natafuta makosa kwenye kurasa, na jalada halikuwa ukurasa.

Kwa hiyo siwezi kukwambia "tazama zaidi" ukapona. Ninachofanya mimi siku hizi ni kugeuza swali. Pradyumna Sepulveda na wenzake waliwaambia watu wachague kile wasichokitaka, na macho yakahamia kwa kile kibaya, yakakaa huko. Jicho hufuata ulichoulizwa. Basi rudia picha zako, ila safari hii tafuta cha kukataa, uone jicho litatua wapi. Ukikuta bado ni chumba chako cha kwanza unachokitaka, lipia uhamie, sina neno.

Lakini kabla hujafungua simu, niandikie kwanza kwa kukumbuka tu: dirisha la chumba cha pili liko ukuta gani?

Mama yako