Kirusi cha kichaa cha mbwa kwenye ramani ya nyuroni (seli za neva): usiruke vidhibiti, yaani makundi ya kulinganisha

Umeuliza kwa nini kirusi cha kichaa cha mbwa kilichorekebishwa hakisambai ubongo mzima, na kama unaweza kuamini ramani yake ya nyuroni zilizounganishwa.

Kwa asili kirusi hiki hupanda kinyumenyume, kutoka nyuroni inayopokea ujumbe hadi inayoutuma. Ujanja uliochapishwa mwaka 2007 na wanasayansi wa ubongo Wickersham, Callaway na wenzao ni kuking'oa jeni ya glaikoprotini, yaani G, protini ya ganda lake inayokiwezesha kuhamia seli nyingine, kisha kuzipa G seli za kuanzia pekee (nyuroni ambazo unatafuta wanaozitumia ujumbe), pamoja na TVA, kipokezi cha ndege ambacho seli za mamalia hazina. Kirusi huvikwa bahasha ya EnvA, protini inayoshika TVA, ili kiingie kwenye seli hizo tu. Kikishavuka sinapsi (kiungo kati ya nyuroni mbili) moja hakina G, kimekwama, na seli kilimo inang'aa kwa protini ya mwanga kinayoibeba.

Kuamini? Nusunusu. Kundi la kulinganisha lisilo na TVA halipaswi kung'aa kabisa. Lenye TVA bila G, usione mwanga mbali na ulipochoma sindano. Ukiuona, kuna uvujaji, yaani kirusi kimefika pasipotakiwa (na huu huwaponza wengi). Usikawie pia: aina ya zamani ya kirusi hiki huua seli ndani ya wiki chache. Na nyuroni isiyong'aa usiiandike kuwa haijaunganishwa, maana kirusi hunasa sehemu tu ya miunganiko.