Maji kwanza, samaki baadaye: kwa wanaoanza tangi dogo la maji chumvi hapa Tanga

Sisi tunaoishi Tanga hatuna shida ya maji ya bahari. Mtu anayerudi kutoka Raskazone na dumu la lita 20 mkononi amepata bure kitu ambacho mfugaji wa samaki wa mapambo aliyeko Dodoma hana budi kukitengeneza kwa chumvi maalumu ya kununua. Ukaribu huo ndio uliotuponza wengi wetu, nami nikiwamo, kwa kuwa tulidhani kwamba maji yaliyotoka baharini yataendelea kuwa bahari hata baada ya kumiminwa ndani ya kioo sebuleni. Nakuandikia wewe unayekusudia kuanza tangi la lita 40, 60 au 100, kwa sababu tangi la ukubwa huo halina nafasi ya kusamehe kosa.

Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60. Nilijaza maji asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo nikatia samaki watano wadogo, weusi, wenye madoa meupe ubavuni. Siku ya nne maji yalikuwa maangavu kabisa, lakini samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo ikigusa uso wa maji, mashavu yakifunguka na kufumba harakaharaka, na chakula nilichowatupia kilizama bila hata mmoja kukigeukia. Siku ya sita hakubaki hata mmoja. Niliyahesabu maji kuwa safi kwa sababu macho yangu yaliyaona safi, ilhali kilichowaua, yaani amonia, hakina rangi ndani ya maji.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake mchana na usiku, na chakula kilichobaki huoza na kuongeza nyingine. Baharini amonia hiyo huenea katika maji mengi yasiyo na mwisho, na wapo bakteria wanaoila: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi. Jambo ambalo mgeni wa kazi hii halijui ni kwamba bakteria hao hawaelei majini kwa wingi. Hujishika kwenye mawe, mchanga na sifongo ya chujio. Kwa hiyo, ukiteka maji ya bahari umeteka maji tu, si watumishi wake, na watumishi hao huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 ili wazaane kiasi cha kutosha. Anza kwa kutia mchanga, mawe na chujio linalofanya kazi, kisha weka kipande kidogo cha kamba mbichi, cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kioze humo bila samaki yeyote. Pima maji kwa vichupa vya kupimia kila baada ya siku mbili. Utaona amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka, na mwishowe nitrati ikianza kuonekana. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, tangi limekomaa. Ukiwa na jirani mwenye tangi la zamani lisilo na maradhi, mwombe kipande cha sifongo ya chujio lake, maana kitakupunguzia siku nyingi za kungoja. Usiende kuvunja matumbawe kwa ajili ya mawe: yanalindwa na sheria, na sehemu kubwa ya pwani yetu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambamo hakichukuliwi kitu bila kibali.

Wapo wanaosema kwamba amonia kidogo haina neno, kwa kuwa waliwahi kufuga samaki wa maji matamu wakaona wanastahimili. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 8.1 hadi 8.3, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa katika hali yake ya sumu; kila pH inapopanda kwa 1, sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara 10. Kiasi ambacho samaki wa maji matamu angekivumilia kwenye pH ya 7.2 ni sumu kali kwenye pH ya 8.2, na joto letu la pwani huzidisha ukali huo. Kwa maji chumvi, kipimo cha amonia ni sifuri tu.

Kosa la pili kwa ukubwa ni la chumvi, nalo huja polepole. Maji yanapokauka, yanayoruka ni maji matamu, na chumvi yote hubaki ndani. Wengi wetu hujaza pengo kwa maji ya bahari, tukidhani tunarudisha kilichopotea. Tufanye hesabu. Tangi la lita 60 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita lina gramu 2,100. Likipoteza nusu lita kwa siku, nawe ukalijaza kwa maji ya bahari, baada ya siku 30 umeongeza lita 15, yaani gramu 525 zaidi, na kila lita sasa ina karibu gramu 44. Samaki wa miamba ya pwani yetu hawajazoea maji ya namna hiyo. Bandika kipande cha plasta nje ya kioo kwenye usawa wa maji, na kila asubuhi rudisha maji kwenye alama hiyo kwa maji matamu. Maji ya bahari yaache kwa siku ya kubadilisha maji, unapotoa asilimia 10 au 15 na kurudisha kiasi kilekile.

Hayo maji matamu nayo yana mambo yake. Ya bomba hutiwa klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo wazi, pampu ya hewa ikifanya kazi, kwa saa 24. Ya visima vya mjini mara nyingi yana chumvi na nitrati kutokana na vyoo vilivyo karibu. Ya mvua ni mazuri, ila yaache ya mwanzo yaoshe bati kwanza.

Kuhusu mahali pa kuteka, nilifunzwa na mzee mmoja mvuvi aliyenikuta wakati wa masika nikiinamia maji na dumu langu. Aliniambia, "Mwanangu, hayo si maji ya bahari, hayo ni mto," akanionyesha mstari ambapo maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikutana na maji ya kijani. Mto Zigi na Mkulumuzi huingia katika ghuba yetu, na baada ya mvua kubwa huleta matope, mbolea na uchafu wa mji. Tangu hapo huteka maji yanapojaa na kukaribia kilele, mbali na bandari na midomo ya mito, na mvua kubwa ikinyesha hungoja siku kadhaa hadi bahari itulie. Kabla ya kuyatumia huyachuja kwa kitambaa na kuyapima chumvi, yasome uzito linganifu, yaani uzito wake ukilinganishwa na wa maji matamu, wa 1.025 hivi.

Chumvi ya mashamba yetu ya pwani haifai kutengenezea maji ya tangi, ijapokuwa imetoka baharini. Maji yanapokaushwa, sehemu kubwa ya kalisi hutangulia kuganda, magnesiamu hubaki katika maji machungu ya mwisho, na kinachokusanywa ni chumvi ya kula.

Wakati wa kaskazi maji ya tangi hupita nyuzi 30 kwa urahisi, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi 2 au 3, ingawa huharakisha ukaukaji. Umeme ukikatika usiku, uwe na pampu ya hewa ya betri, na ukikosa, teka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu kila baada ya muda. Na usipulize dawa ya mbu katika chumba chenye tangi: nyingi zina kemikali za jamii ya pareto, sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba na kaa, na pampu ya hewa huzivuta moja kwa moja hadi majini.

Nilipoanza upya, samaki wa kwanza aliingia siku ya 41, peke yake. Kwa wiki mbili nilipima amonia kila asubuhi kabla ya kumpa chakula, na siku ambayo kichupa cha kupimia kilibadilika kutoka njano, yaani sifuri, kuelekea kijani, hata kidogo tu, hakula, nami nilibadilisha maji.